Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Lamu

Majibu haya ni ya familia inayouguza mtu ambaye madaktari wamesema ugonjwa wake hauna tiba tena: saratani iliyosambaa, figo zilizoshindwa, moyo uliochoka, kiharusi kilichomlaza asiamke. Mambo matatu huchanganywa sana: kumuua mgonjwa kwa huruma, kumwacha afe kwa ugonjwa wake bila kumsumbua kwa mashine, na kumtuliza maumivu. Kisheria na kidini kila moja lina hukumu yake, na ugomvi mwingi wa ndugu huanza pale yanapotiwa chungu kimoja.

Je, sheria ya Kenya inaruhusu daktari au ndugu amsaidie mgonjwa kufa?

Hairuhusu. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemshawishi mtu ajiue, au anayemsaidia kujiua, anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 213 kinaongeza kwamba anayeharakisha kifo cha mtu mgonjwa huhesabiwa amekisababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua baadaye. Kwa hivyo kusema “alikuwa afe tu” si utetezi, wala kusema “yeye mwenyewe aliomba”.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Wengine waliusikia uamuzi huo wakadhani kusaidia kufa kumehalalishwa. Sivyo. Mahakama ilimwondolea jinai mwenye kuteseka, haikumruhusu mwingine amuue.

Basi kukataa mashine, upasuaji au dripu si ni kujiua vilevile?

Si hivyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, na pia haki yake ya kuyakataa pamoja na matokeo ya kukataa. Mtu mzima mwenye akili timamu akisema “sitaki kwenda kukatwa tena”, akiwa ameelezwa na ameelewa, neno lake ndilo. Akifa, ameuawa na ugonjwa wake.

Kilichokatazwa ni kumwacha mtu aliye mikononi mwako bila haki zake: kumnyima maji anayeyataka, kumficha dawa, kutomgeuza mpaka aoze mgongo. Hiyo ni kutelekeza, na huwezi kuiita heshima kwa matakwa yake.

Dini inasemaje?

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Lamu, mlango wa kujiua au kumuua mgonjwa umefungwa. Aya ya 29 ya Sura An-Nisaa inakataza mtu kujiua. Katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, mtu aliyejeruhiwa alishindwa kustahimili maumivu, akajikata mkono kwa kisu na damu ikamwisha. Akaelezwa kuwa aliiharakia nafsi yake akanyimwa Pepo. Hata kutamani mauti kwa sababu ya dhiki kumekatazwa. Aliyezidiwa amefundishwa dua: Mola amwache hai iwapo uhai ni kheri kwake, na amfishe iwapo kufa ni kheri kwake.

Lakini wengi husimama hapo, wakadhani dini inalazimisha kila mashine. Hapana. Wanazuoni wengi wanasema kutafuta matibabu ni jambo jema ambalo si wajibu katika kila hali, hasa yakiwa hayatarajiwi kufaa. Wanataja hadithi ya mwanamke mwenye kifafa aliyepewa hiari baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua subira. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu liliamua kuwa inajuzu kuondoa mashine za uhai kwa mtu ambaye ubongo wake wote umekufa na madaktari mabingwa wamethibitisha kuwa hautarudi. Kwenye chakula na maji ya kawaida wanazuoni ni wakali zaidi, na hapo mpelekeeni sheikh mnayemwamini swali lenu likiwa na maneno kamili ya daktari. Mkimuuliza “tumwachilie mzee?” bila kumweleza ugonjwa, jibu lake litakuwa la kubahatisha.

Kanisa Katoliki nalo linakataza kumuua mgonjwa, na linaruhusu kuacha tiba nzito isiyolingana na faida yake. Papa Pius XII alilieleza hilo mwaka 1957, na waraka wa Vatikani wa mwaka 2020, Samaritanus Bonus, ukalirudia.

Nchi gani zinaruhusu kusaidiwa kufa, na huwa inafanywaje?

Kuna namna mbili. Katika moja, daktari anaandika dawa na mgonjwa anaimeza kwa mkono wake. Katika nyingine, daktari ndiye anayemdunga. Jimbo la Oregon, Marekani, lina namna ya kwanza tangu 1997: mgonjwa awe na miaka 18 au zaidi, madaktari wawili wakubaliane kuwa hatarajiwi kupita miezi 6, aombe zaidi ya mara moja na pia kwa maandishi. Uholanzi na Ubelgiji zilianza mwaka 2002 na zinaruhusu daktari kudunga. Kanada ilianza 2016. Mwaka 2021 ikaondoa sharti la kifo kuwa karibu. Nchini Uswisi, kifungu cha 115 cha sheria ya jinai humwadhibu anayesaidia mtu kujiua kwa tamaa zake mwenyewe tu, na ndiyo maana wageni husafiri kwenda huko. Hispania na New Zealand zilianza 2021.

Hakuna nchi ya Afrika iliyopitisha sheria ya namna hiyo. Afrika Kusini ilikaribia: Aprili 2015 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia wakili Robin Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, asaidiwe na daktari. Alikuwa ameshafariki saa chache kabla ya uamuzi kutolewa, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikautengua.

Wanaounga mkono husema mwili ni wa mgonjwa, na yako maumivu yasiyosikia dawa. Wanaopinga husema mlango ukifunguliwa hupanuliwa, wanataja Kanada, na wanawaogopea wazee maskini wanaojiona mzigo. Chama cha Madaktari Duniani kilirudia mwaka 2019 kuwa kinapinga. Ripoti za Oregon za kila mwaka zina jambo la kufikiriwa sana: sababu zinazotajwa zaidi na wanaoomba ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya walivyovipenda, na kupoteza heshima. Maumivu yako chini ya hizo.

Huku kwetu mambo ni kinyume. Mtu anayelia “niueni” katika nyumba ya Langoni au Faza mara nyingi hajapewa hata dozi moja ya mofini. Mjadala wa hiari hauna maana kwa mtu ambaye chaguo lake ni kufa au kuteseka. Deni la kwanza la nchi yetu kwake ni dawa ya maumivu.

Mgonjwa anasema “nipeni sindano nife”. Tumjibu nini?

Msimkemee, wala msimkimbilie na “usiseme hivyo, ni kufuru”. Kaeni naye, mmoja anayempenda, muulizeni: “Kipi kinachokusumbua zaidi leo?” Majibu huwa ni machache na mengi yana dawa: maumivu ya usiku, kukosa pumzi, kufunga choo, kidonda kinachonuka akiona haya na wageni, deni, mtoto waliyekosana, hofu ya kusumbua watu. Kidonda kinachonuka, kwa mfano, husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa, kisha kidonge cha metronidazole kilichosagwa laini kikanyunyizwa juu kwa maelekezo ya muuguzi. Harufu hupungua baada ya siku chache, na mtu aliyetaka kufa huanza kukubali wageni.

Akiwa na huzuni isiyoisha, hataki kuongea na mtu, analia alfajiri, au ametaja njia ya kujidhuru, mjulisheni daktari siku hiyohiyo. Wekeni dawa zote mbali na mkono wake na asiachwe peke yake. Mgonjwa wa saratani pia anaweza kuwa na sonona, na sonona hutibika hata pale saratani isipotibika.

Mofini si ndiyo sindano ya kumalizia watu?

Hili ndilo kosa linalowatesa wagonjwa wengi kuliko yote. Familia husikia “mofini” ikaelewa “ameshakufa”, au ikakumbuka unga wa heroini ulivyowaharibu vijana wa pwani hii, ikaikataa. Mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya maumivu makali, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani tangu 1986. Dozi inayopandishwa taratibu kwa kufuata maumivu haifupishi uhai. Mgonjwa hupata usingizi, huongea, wengine hurudi kuketi uwanjani.

Huanza chini. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hiyo kwa kawaida huanzishwa na mg 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4. Mzee sana au mwenye figo dhaifu hupewa kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu zaidi, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ratiba ya kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Ile ya saa nne usiku daktari anaweza kuizidisha mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa nane za usiku. Maumivu yakichomoza katikati, hupewa dozi ya ziada aliyoiandika daktari, nanyi mwandike saa na kiasi kwenye daftari. Daftari hilo ndilo daktari atakalolitumia kupandisha dozi.

Anayeandika dawa hii ni daktari, na inadhibitiwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Hamtaikuta dukani tu. Ulizieni Hospitali ya King Fahd, na mkiwa mmetumwa Mombasa, msiondoke huko bila karatasi ya dawa na chupa mkononi.

Mambo yanayoharibika ni haya. La kwanza, chupa huja kwa nguvu tofauti: ipo yenye mg 5 katika ml 5, na ipo yenye mg 50 katika ml 5. Aliyezoea ml 5 za ile nyepesi akinyweshwa ml 5 za nzito, amekunywa mara kumi. Someni lebo kila chupa mpya, na pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. La pili, kungoja alie ndipo apewe: maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. La tatu, kuiweka akiba “mpaka hali iwe mbaya kabisa”, akateseka miezi miwili bure. La nne, dawa kuisha. Mtu wa Pate, Siyu au Kizingitini anajua mkondo wa Mkanda, njia ya boti, hupitika maji yakijaa tu, kwa hivyo agizeni chupa nyingine ikibaki ya siku 7. Aliyeizoea akikatiwa ghafla hutetemeka, huhara na maumivu humrudia yote kwa pamoja.

Choo kitafunga, na si kwa bahati mbaya: mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Dawa ya choo kama senna au bisacodyl ianze siku ileile ya mofini, kwa kuwa kufunga choo siku sita kunauma kuliko uvimbe wenyewe. Kichefuchefu na usingizi wa siku tatu nne za mwanzo huondoka. Hatari ni hii: haamki hata akitikiswa, na anavuta pumzi chini ya 8 kwa dakika, hasa baada ya dozi kuongezwa. Msimpe nyingine, mpigieni daktari papo hapo. Msichanganye na tramadol au vidonge vya usingizi vya jirani.

Atakuwa teja?

Mtu anayeitumia kwa maumivu na kwa kipimo cha daktari ni nadra kuwa na uraibu. Mwili huizoea, ndiyo maana haikatwi ghafla, lakini huko si kutafuta ulevi. Chupa yenyewe ifungiwe kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja. Kijana wa nyumbani mwenye shida ya unga asijue ilipo.

Nani anaamua mgonjwa asipoweza kusema?

Kwanza ni mtu ambaye mgonjwa alimteua kwa maandishi, kisha aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama. Wote wasipokuwepo, ridhaa hutolewa na jamaa wa karibu. Dharura haingoji, isipokuwa kama mgonjwa mwenyewe alishakataa huduma hiyo.

Kinachotokea kwetu ni kwamba mke ameuguza mwaka mzima, kisha mwana anatua Manda kutoka Nairobi au Dubai na kusema “baba apelekwe Mombasa leo”. Karatasi moja huzuia hilo. Iandikwe mapema, mgonjwa akiwa na akili zake: jina na nambari ya kitambulisho, nani amsemee na nani wa pili yake, afie wapi, anakubali au anakataa nini (kupumuliwa kwa mashine, kukandamizwa kifua moyo ukisimama, mpira wa puani wa kulishia, kusafishwa damu figo zikishindwa), na mambo ya ibada anayoyataka. Tarehe, sahihi, mashahidi wawili wasiorithi. Nakala moja faili la hospitali, moja nyumbani, na aliye mbali apigiwe simu asomewe, mgonjwa mwenyewe akisikia. Kenya haina sheria mahsusi ya karatasi kama hii, ila uteuzi wa maandishi unatambuliwa na Sheria ya Afya.

Wasia wa mali ni karatasi nyingine. Kwa Mwislamu hauzidi theluthi moja wala haumhusu mrithi, na mkigombana mtakwenda kwa Kadhi. Msiutie kwenye karatasi ya matibabu.

Tumpeleke Mombasa au abaki nyumbani?

Muulizeni daktari maswali matatu, mtake majibu ya wazi: Huko atafanyiwa nini ambacho hapa hakipo? Kitamwongezea nini, siku au miezi, na katika hali gani? Akifia njiani, mwili unarudije? Safari ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu, Garsen na Malindi, saa nyingi juu ya machera kwa mtu mwenye mifupa iliyoliwa na saratani. Ikiwa anakwenda kuchomwa mionzi ya kupunguza maumivu, safari ina maana. Ikiwa anakwenda kulazwa akingoja, mara nyingi haina. Akisafiri, apewe dozi ya maumivu kama nusu saa kabla ya kubebwa kutoka nyumbani kwenda gatini, na chupa isafiri na anayemshika mkono, isiwekwe kwenye mizigo.

Muwe mmejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, na michango yenu iwe imelipwa, kabla hamjahitaji rufaa.

Hali chakula. Tumwekee dripu asife njaa?

Mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula; mgonjwa hali kwa sababu anakufa, si kwamba anakufa kwa sababu hali. Uji unaolazimishwa huingia mapafuni na kuleta nimonia. Dripu katika siku za mwisho mara nyingi huvimbisha miguu na kujaza kifua maji, akapumua kwa tabu zaidi. Toeni anachokitaka: vijiko viwili vya madafu, kipande kidogo cha barafu. Kinywa kikavu ndicho kinachomtesa. Kifuteni kwa kitambaa safi chenye maji kila baada ya saa mbili, na midomo ipakwe mafuta.

Swala na saumu je?

Anasali alivyoweza: akishindwa kusimama aketi, akishindwa alale ubavu. Asiyeweza maji anatayamamu. Mpira wa mkojo haumzuii kusali. Saumu haimlazimu, na asiyetarajiwa kupona hutolewa fidia ya chakula cha maskini mmoja kwa kila siku. Msimwache aache dozi ya mchana kwa ajili ya Ramadhani.

Siku za mwisho zinakuwaje?

Analala zaidi ya anavyoamka, mkojo unapungua na kuwa mweusi kama chai, mikono na miguu inapoa na kuwa na mabaka. Pumzi zinakuja kwa mafungu, zinasimama, zinarudi. Koo linakoroma kwa sababu ya mate asiyoweza kuyameza. Mlazeni ubavu, mto nyuma ya mgongo, na msimtie mpira kooni. Mgeuzeni kila saa mbili. Asipoweza kumeza, daktari abadilishe namna ya kumpa dawa. Maumivu hayakuisha kwa sababu amenyamaza. Aliyeacha kusafishwa damu ya figo kwa kawaida huishi kama wiki moja au mbili, usingizi ukizidi siku hadi siku.

Kusikia hudhaniwa kuwa miongoni mwa vinavyobaki hadi mwisho, basi msigombanie nyumba kitandani kwake. Shahada alakiniwe kwa upole, na akishaitamka asirudiwerudiwe.

Akifia nyumbani tufanye nini?

Mjulisheni naibu wa chifu. Ndiye anayejaza fomu ya vifo vya nyumbani, D2, na kutoa kibali cha kuzika. Nambari yake ya simu muwe nayo mapema, kwani maziko yetu hayangoji kesho. Pelekeni kitambulisho cha marehemu, cha mtoa habari, na karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa. Karatasi hiyo ndiyo inayojibu swali la “amekufa kwa nini” na kuwaepusha na polisi. Kifo kisajiliwe ndani ya miezi 6.

Waoshaji waambieni kama kuna vidonda, mpira wa mkojo au homa ya ini, wavae glavu. Mofini iliyobaki ihesabiwe mbele ya watu wawili na irudishwe famasi ya hospitali iliyoitoa. Asipewe mgonjwa mwingine, hata awe ndugu, kwa kuwa dozi ya marehemu inaweza kumuua yeye.